Dagaa wa Wapi?

"Mama, kisado cha dagaa bei gani?"

Muuzaji hakutaja bei. "Wa wapi, mwanangu?" aliniuliza, akinionyesha nyungo mbili. Huku wa Mwanza, weupe, bado wana chembe za mchanga wa ufukweni walikoanikwa. Huku wa Kigoma, na bei yao imechangamka.

Mama yule alikuwa sahihi kuliko kamusi nyingi. Dagaa si jina la samaki mmoja, ni jina la kimo. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye wanasayansi humwita Rastrineobola argentea, ni wa ukoo mmoja na ningu. Wa Kigoma ni ndugu wa saradini, nao wako wa aina mbili. Dagaa wa Unguja, wanaovuliwa baharini, wengi wao ni wa ukoo wa tatu kabisa. Kinachowaunganisha ni udogo, karabai usiku wa giza, na sufuria.

Tena samaki yuleyule hubadilishwa jina akivuka mpaka. Dagaa wa Mwanza akifika Kisumu ni omena. Uganda ni mukene. Wa Ziwa Tanganyika, Warundi humwita ndagala, Wazambia kapenta.

Hilo la Warundi lisikilize vizuri. Kiswahili kina tabia ya kumeza "l" katikati ya irabu: wanachokiita majirani njala, sisi twakiita njaa, wao hufungula, sisi hufungua. Meza "l" ya ndagala, na dagaa huyo hapo. Kwa sikio langu hayo si majina mawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mmoja wa dagaa wale wawili wa Tanganyika alihamishiwa Ziwa Kivu. Leo Goma na Bukavu wanamla kwa jina la sambaza. Miaka ya 1960 akapelekwa tena Ziwa Kariba, na huko akabaki kapenta.

Siasa nayo imemchukua. Kila kampeni ya rushwa tunaambiwa wamekamatwa dagaa, mapapa wameachwa. Hapo haulizi mtu ni wa ziwa gani.

Mimi nilichukua wa Mwanza, mfuko haukuruhusu zaidi. Nawe msomaji, ukiuziwa "wa Kigoma" kwa bei ya wa Mwanza, rudia swali la yule mama kabla hujatoa pesa.