Kichaka kishindacho ukame chaelemewa na plau

MVUA inapokatika kwa miezi mingi katika nyika za Australia na nyasi kukauka, vipo vichaka vinavyobaki na majani yake. Hivyo ni vichaka vya emu, vilivyopewa jina la ndege mkubwa asiyeruka ambaye hula matunda yake.

Kitaalamu huitwa Eremophila, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1810 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mpenda jangwa. Aina zake ni zaidi ya 200, zote za Australia pekee, na nyingi zimo katika jimbo la Australia Magharibi.

Siri ya uhimilivu huo imo katika majani. Aina nyingine zina majani membamba yasiyopoteza maji mengi. Nyingine zimefunikwa vinyweleo vyeupe vinavyorudisha mwanga wa jua, au utomvu unaong'aa kama rangi ya mafuta. Mbegu nazo hukaa ndani ya tunda gumu, zikisubiri kwa miaka hadi hali iwe nzuri.

Wenyeji wa asili wa Australia wametumia majani ya baadhi ya aina kutibu mafua na vidonda. Hata hivyo, si kila kichaka ni salama: majani ya Eremophila maculata hutoa sianidi, sumu inayoweza kuua kondoo na ng'ombe.

Pamoja na uhodari huo, vichaka hivi havikuweza kushindana na plau. Eremophila nivea, yenye majani meupe na maua ya zambarau, hupendwa sana na watunza bustani, ambao huibebesha juu ya shina la Myoporum ili istahimili udongo wenye unyevu. Lakini porini imo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka, kwa kuwa sehemu kubwa ya makazi yake ilifyekwa kupisha mashamba ya ngano.

Wingi wa bustanini hauondoi hatari hiyo. Miche inayotokana na vipandikizi hurithi sifa zilezile za mmea mama, hivyo ugonjwa unaoweza kuua mmoja unaweza kuua yote. Tofauti za kurithi zinazoipa aina nzima nafasi ya kuokoka zimo katika vichaka vichache vilivyosalia porini, vingi vikiwa kandokando ya barabara na mashamba.