Nyota ya Burma
Nyota ya Burma ni nishani ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa wanajeshi waliotumikia Burma (leo Myanmar) katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Miongoni mwao walikuwa askari wa Tanganyika katika King's African Rifles, yaani Keya.

Ina pembe sita, na ni ya mchanganyiko wa shaba na zinki. Utepe wake ni mwekundu katikati. Kila upande ni buluu yenye mstari wa rangi ya chungwa. Jenerali na askari wa kawaida walipewa nyota ileile, ingawa mishahara ilifuata rangi ya ngozi.

Uingereza, tofauti na Australia, haikuchonga jina la mpokeaji. Hivyo mjukuu wa Ujiji au Mwanga, Kigoma, akiikuta sandukuni bila cheti cha kuachishwa jeshi, chuma chenyewe hakimwambii ilikuwa ya nani.