Stima Ikipotea, Oksijeni ya Mgonjwa Inatoka Wapi?

Stima ikipotea hapa Masalani, nyumbani tunawasha tochi na kungoja irudi. Mgonjwa anayepumua kwa msaada wa oksijeni hawezi kungoja.

Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 21 ya oksijeni. Sehemu kubwa iliyobaki ni nitrojeni. Mashine ya kuzalisha oksijeni huvuta hewa hiyo na kuisukuma kwa kompresa kupitia chembe maalum zinazonasa nitrojeni. Kompresa hutegemea stima. Ikizima, oksijeni hukoma muda mfupi baadaye, hata kama mpira ungali puani.

Mtungi ni tofauti. Gesi iliyomo imeshashindiliwa, hivyo hutoka yenyewe vali ikifunguliwa, stima iwepo isiwepo. Ndiyo maana mitungi iliyojaa huhitajika kama akiba hata penye jenereta. Lakini mtungi nao huisha, kwa hivyo geji hukaguliwa mapema, si gizani.

Ukiwa unamuuguza mgonjwa wako wodini, stima ikipotea mwite muuguzi mara moja. Usifungue vali mwenyewe. Usiwashe mshumaa wala kiberiti: oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huchochea moto. Tumia tochi ya simu.