UZI: "Mtihani ni bure." Bure kwa nani?

1/ Kila bajeti ikikaribia, mjadala huu hurudi: serikali iendelee kulipia mitihani ya kitaifa ama wazazi warudi kulipa? Mmoja anasema kulipisha ni kumwadhibu maskini. Mwingine anasema pesa hazipo. Kabla uchague upande, tufuate pesa.

2/ Tulifikaje hapa? 2003: karo ikaondolewa shule za msingi za umma. 2008: karo ya masomo ikaondolewa sekondari za kutwa. Katikati ya miaka ya 2010 serikali ikaanza kulipia KCPE na KCSE. Na Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

3/ Kuondoa ada hakuondoi gharama. Kuna kuchapisha karatasi, kuzisafirisha, polisi wa kulinda, wasimamizi na wasahihishaji. Wote wanalipwa. Bili imetoka tu kwa mzazi ikaenda kwa mlipa kodi. Na mzazi huyo huyo akinunua sabuni analipa VAT.

4/ Sasa angalia bili kubwa zaidi. Tangu 2018, mgao wa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Hiyo ni kwenye karatasi. Mwaka 2025 Hazina ya Kitaifa iliwaambia wabunge kwamba inamudu karibu 16,900. Pengo ni kama 5,300 kwa kila mtoto. Shule ya wanafunzi 400 inakosa zaidi ya milioni 2 kwa mwaka.

5/ Nani anajaza hilo shimo? Stima lazima ilipwe. Walimu wa BOM, wale TSC haijaajiri, lazima walipwe. Kwa hivyo wazazi wanaitwa mkutano: pesa ya chakula cha mchana, ya madawati, ya motisha, ya karatasi za mwisho wa muhula. Hakuna anayeziita karo. Lakini ukikosa, mtoto anarudishwa nyumbani vilevile.

6/ Hii haimaanishi ada ya mtihani irudi. Ikirudi, kuna mtoto atasoma miaka minne halafu akose kusajiliwa. Lakini ada ya mtihani huja mara moja. Pengo la mgao huja kila muhula. Mtoto aliyekuwa akitumwa nyumbani kila muhula anafika kwa mtihani wa bure akiwa ameshaachwa nyuma.

7/ "Basi serikali ilipie maskini peke yao." Sawa, lakini nani anaandika hiyo orodha? Kama umewahi kupanga foleni ya basari, unajua si lazima anayehitaji zaidi ndiye apate.

8/ Kwa hivyo mgombea akikuahidi elimu ya bure, muulize matatu:
– Mgao kamili ni pesa ngapi kwa kila mtoto?
– Utafika shuleni tarehe gani, kabla muhula uanze ama baada?
– Pesa zinatoka wapi, na nini kitapunguzwa?

Akijibu "ni bure" tu, rudia swali la kwanza.