Msiba wa Nyumba Iliyouliwa Mtu Wake

Mauti ni mauti, lakini misiba yote si sawa. Mtu akifa kwa maradhi, jamaa zake humlilia, humzika, na siku za matanga zikiisha hushika tena majembe yao, ingawa mioyo ingali na uchungu. Bali mtu akiuawa na mwanadamu mwenziwe, juu ya huzuni ya kufiwa huongezwa mizigo mitatu: kutaka kujua kweli, kungoja hukumu, na shauri la msamaha. Wahenga walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa hiyo na tuitazame mizigo hii kwa macho ya wale walioichukua, tusije tukawapa waliofiwa maneno mepesi.

Mzigo wa kwanza ni kutaka kujua kweli. Mfano wake u karibu nasi, katika nchi ya Uganda. Tarehe 16 Februari 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa mjini Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Kesho yake ikatangazwa ya kuwa wote watatu wamekufa kwa ajali ya motakaa. Watu hawakusadiki. Huko Namirembe kaburi lilikwisha chimbwa, lakini jeneza halikuletwa. Maiti ilipelekwa mbali upande wa kaskazini, nyumbani kwake Mucwini, ikazikwa huko. Makutano wakakusanyika penye kaburi tupu, wakaimba. Mjane wake, Mama Mary, alikimbilia Kenya pamoja na watoto.

Afiwaye hivi hulia mara mbili: kwanza kwa ajili ya mtu wake, na tena kwa ajili ya uongo uliotandazwa juu ya jina lake. Ndiyo maana jamaa huuliza usiku na mchana: Alikufa saa ngapi? Aliteseka? Alisema nini? Maulizo hayo si upungufu wa imani. Anayejua kweli na aiseme kwa upole, na asiyejua asibuni. Tangu mwaka wa 2015 siku ya 16 Februari ni siku ya mapumziko katika Uganda nzima kwa kumkumbuka Luwum. Lakini ilipita miaka 38 kabla ya heshima hiyo.

Mzigo wa pili ni kungoja hukumu. Hapa twavuka bahari hata Uingereza, kwa kuwa iko nyumba moja huko ambayo habari zake zajulikana wazi. Tarehe 22 Aprili 1993 kijana mweusi mwenye miaka 18, jina lake Stephen Lawrence, alikuwa akingoja basi na rafiki yake huko Eltham, London. Alitamani kuwa msanifu wa majengo. Kundi la vijana weupe wakamvamia kwa sababu ya rangi yake, wakamchoma kisu, akafa. Wazazi wake, Neville na Doreen, wenye asili ya Jamaica, walimzika katika nchi hiyo.

Majina ya walioshukiwa yalifika upesi kwa polisi, ila kazi ilifanywa vibaya. Mwaka wa 1996 wazazi walileta mashtaka yao wenyewe barazani, yakashindwa. Mwaka wa 1999 uchunguzi wa Jaji Macpherson ulionyesha makosa ya polisi, na ubaguzi wa rangi uliokuwa ndani ya kazi yao. Hata Januari 2012 ndipo watu wawili walipohukumiwa, karibu miaka 19 baada ya mauaji. Kila shauri lilipofunguliwa, jeraha nalo lilifunguliwa. Katika mwaka ule wa 1999 ndoa ya wazazi hao ilivunjika.

Hatutaji neno hili kwa kuwalaumu. Twalitaja kwa kuwa mume na mke mara nyingi hawalii kwa namna moja: mmoja hutaka kunena, wa pili hunyamaza; mmoja huenda kila siku barazani, wa pili hawezi hata kutoka mlangoni. Wasipofahamiana, kila mmoja hudhani mwenziwe hana uchungu.

Mzigo wa tatu ni msamaha. Mwaka wa 2018 Neville alitangaza ya kuwa amewasamehe waliomwua mwanawe. Doreen alisema hawezi kuwasamehe watu wasiokiri wala kujuta. Mtoto ni mmoja, na kaburi ni moja. Nani athubutu kusema kwamba mmoja alimpenda zaidi? Sisi Wakristo twafundishwa kusamehe, wala hatuufichi wajibu huo. Lakini msamaha hautoki kwa kukamuliwa. Amwambiaye mama siku ya maziko, "Samehe," amtwika mzigo juu ya mzigo. Wala msamaha haufuti hukumu: mtu aweza kusamehe, na bado akasimama kutoa ushahidi. Linalopasa kuzuiwa mara moja ni kisasi, maana hicho hufanya mjane mwingine katika nyumba nyingine.

Basi tufanyeje? Rafiki za Ayubu walitenda vema siku saba walipoketi chini pamoja naye kimya. Walikosa walipoanza kumweleza sababu. Nasi tuketi. Matanga yakiisha ndipo kazi yetu ianze: kuteka maji, kupalilia shamba, na kufuatana na mjane barazani, asiketi peke yake mbele ya aliyemwua mumewe. Siku ile irudipo kila mwaka, twende tena. Tulitaje jina la marehemu. Wengi huogopa kulitaja, wakidhani watamkumbusha mama jambo ambalo hajalisahau hata saa moja.

Nanyi waalimu, watazameni watoto. Mtoto wa aliyeuawa asiambiwe kwamba baba amesafiri. Habari ataisikia njiani au kisimani. Afadhali aisikie kwa mtu ampendaye, kwa maneno machache ya kweli. Akisinzia darasani au akipigana, msikimbilie fimbo, huenda hofu ilimnyima usingizi. Wenziwe wakatazwe kumnyoshea kidole.

Hatusemi ya kuwa uchungu huu hwisha. Wazazi wa Stephen waliuchukua miaka mingi, na mwaka wa 1998 ulianzishwa mfuko kwa jina lake wa kuwasaidia vijana kujifunza ile kazi aliyoitamani. Hata hivyo yeye mwenyewe hakurudi. Ikiwa katika mtaa wenu imo nyumba ya msiba wa namna hii, nendeni juma hili, hata kama matanga yaliisha mwaka jana.