Gitaa la Mtoto: Je, Bei Kubwa Ndiyo Ubora?

"Mama, ninaomba gitaa."

Mama msomaji, umekwisha kuyasikia maneno hayo nyumbani kwako? Jana mtoto alitaka mpira. Leo ametoka kwenye mazoezi ya kwaya ya vijana, amemwona mwenzake akipiga, na tangu hapo hana neno jingine. Unapiga hesabu moyoni: ada ya shule, sare, unga, kodi ya nyumba. Hatimaye unafika dukani. Magitaa yametundikwa ukutani safu kwa safu. Yote yana nyuzi sita, yote yana tundu la mviringo tumboni, yote yanang'aa. Lakini bei ya hili ni mara kumi ya bei ya lile! Muuzaji anakuambia, "Mama, cha rahisi ndicho ghali." Baba watoto naye alikwisha kukuambia kabla hujatoka nyumbani, "Mchagua jembe si mkulima. Chukua la bei nafuu. Kama ana nia, atajifunza."

Ni nani kati yao anayesema kweli? Kabla ya kujibu, nikueleze yaliyompata jirani yangu mmoja.

Mwanawe wa miaka 12 alinunuliwa gitaa la bei ya chini kabisa lililokuwapo dukani. Wiki ya kwanza alilala nalo kitandani. Wiki ya pili alianza kulalamika kwamba vidole vinamwuma. Baada ya wiki ya nne gitaa likatundikwa nyuma ya mlango, na vumbi likaanza kulikalia. Mama yake, ambaye alikuwa amejinyima mengi ili alinunue, aliumia sana. Siku moja, mbele ya ndugu zake wote, alimwambia, "Wewe hujui kumaliza jambo. Kila kitu unaanza, kila kitu unaacha." Mtoto hakujibu neno. Gitaa likabaki pale mlangoni karibu mwaka mzima.

Nitarudi kwenye mlango huo. Kwanza tuangalie bei ya gitaa inatokana na nini.

FEDHA ZAKO ZINANUNUA NINI?

Gitaa ni kasha la mbao lenye shingo. Uzi ukichunwa hutikisika. Mtikisiko huo hupita katika kijiti cheupe ambacho nyuzi zimelalia, ukaingia katika ubao wa mbele. Ubao huo nao husukuma hewa, na hapo ndipo tunasikia sauti. Kwa hiyo ubao wa mbele ndio moyo wa gitaa.

Katika magitaa ya bei ya chini, ubao huo huwa ni plaiwudi, yaani mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja. Katika magitaa ya bei ya kati na ya juu huwa ni mbao halisi, mara nyingi ya miti ya jamii ya misonobari inayoota nchi za baridi. Mbao halisi hutikisika kwa wepesi zaidi na sauti yake hujaa zaidi. Hilo ni kweli, na mwenye masikio hulisikia. Lakini mbao hiyo ina udhaifu wake: ikikauka mno hupasuka. Plaiwudi huvumilia zaidi. Kwa nyumba ya bati yenye joto la mchana na watoto wanaokimbizana sebuleni, plaiwudi si aibu.

Jambo la pili unalolipia ni muda wa fundi. Shingoni mwa gitaa kuna vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza, ambavyo wapigaji huviita freti. Vyuma hivyo vinatakiwa kusawazishwa, ncha zake zipigwe tupa zisikwaruze mkono, na nyuzi zishushwe hadi kimo kinachofaa. Siku hizi viwanda vya China na Indonesia hukata mbao kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na kwa sababu hiyo gitaa la bei nafuu la leo mara nyingi ni bora kuliko la miaka ya ujana wetu. Kinachopunguzwa ili bei ishuke ni umaliziaji huo wa mwisho. Nao ndio vidole vya mtoto hukutana nao kwanza.

Jambo la tatu ni mapambo, jina la kampuni, na mbao adimu. Chukua mfano wa rozwudi ya Brazil, mti ulio ndugu wa mpingo wetu. Tangu mwaka 1992 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekewa vizuizi vikali sana ili usitoweke. Gitaa lenye mbao hiyo mgongoni lina bei ya kutisha. Je, sauti yake nayo inatisha?

WALIPOFUMBA MACHO WAKASIKILIZA

Swali hilo limejaribiwa. Huko Hispania aliishi fundi mashuhuri wa magitaa, Antonio de Torres (1817–1892). Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo ubao wake wa mbele ulikuwa wa mbao nzuri, lakini mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu tu! Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa mbele. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo. Fundi mmoja alitengeneza magitaa 6 yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu. Moja lilikuwa la rozwudi ya Brazil, jingine la mahogani, jingine la sapele, mti unaoota katika misitu ya Kongo na Uganda, na kadhalika. Wapiga gitaa 52 waliyapiga yote katika mwanga hafifu, wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji vyuma ili wasione wameshika lipi. Maksi walizotoa zilikaribiana sana. Mbao ya bei kubwa haikujitenga na ile ya bei ndogo.

Hii haina maana kwamba magitaa yote ni sawa. Ina maana kwamba sehemu ya bei hulipwa kwa ajili ya macho, na mama mwenye bajeti ndogo hana haja ya kuilipa sehemu hiyo.

KIFUNGO CHA MAMA

Wengi wetu tuliwasikia wazee wakiliita gitaa lisilotumia umeme "galatoni". Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilikuwa ikitengeneza magitaa ya bei rahisi yenye jina la Gallotone. Mojawapo lilivuka bahari likafika Liverpool, Uingereza, mikononi mwa kijana aitwaye John Lennon. Ndilo alilolipiga mwezi Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa mtaani Woolton, siku aliyokutana na Paul McCartney, ambaye baadaye walianzisha naye kundi la Beatles. Ndani yake lilikuwa na karatasi iliyodhamini kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 gitaa hilohilo liliuzwa kwenye mnada mjini London kwa zaidi ya pauni 150,000. Mbao zilikuwa zilezile na sauti ileile. Kilichoongezeka ni kumbukumbu.

Kisa kingine kitawafurahisha akina mama. Mwaka 1963 kijana mwingine Mwingereza, Brian May, alitamani gitaa la umeme, lakini nyumbani kwao fedha za kununulia lile alilolitaka hazikuwapo. Yeye na baba yake wakaamua kulitengeneza. Shingo waliichonga kutoka katika mbao ya meko ya zamani. Springi zilitoka katika injini ya pikipiki kuukuu. Vidoto vyeupe vya kupamba shingo vilikuwa vifungo vya nguo kutoka katika kisanduku cha ushonaji cha mama yake, na ncha ya mkono wake wa chuma ilitoka katika sindano ya mama ya kufumia sweta. Gitaa hilo alilipiga katika kundi la Queen miaka yote, na mwaka 2002 alisimama nalo juu ya paa la ikulu ya Buckingham mbele ya umati mkubwa.

Lakini tusijidanganye. Baba na mwana hao waliifanya kazi hiyo kwa miaka kama miwili. Vifaa vilikuwa vya bure au vya bei ndogo, ila shingo waliinyoosha na freti walizipima kwa uangalifu mkubwa. Gitaa lao lilikuwa la bei ndogo, halikuwa bovu. Hapo ndipo penye jibu letu. Usiulize tu, "Ni bei gani?" Uliza, "Je, linapigika?"

MAMBO YA KUANGALIA DUKANI

Huna haja ya kujua muziki ili uyachunguze haya:

1. Kimo cha nyuzi. Hesabu freti kutoka kichwani hadi ya 12. Hapo uzi wa chuma usiwe juu ya freti zaidi ya milimita 2 au 3, na wa nailoni usipite 4 hivi. Chukua penseli ya shule. Kama inapita chini ya uzi hapo bila kugusa, gitaa hilo litamwumiza mtoto.

2. Shingo. Lishike kama bunduki, uangalie kutoka kichwani kuelekea tumboni. Shingo iliyojipinda kama upinde au iliyojisokota, iache.

3. Ncha za freti. Pitisha kiganja kando ya shingo juu na chini. Kama kinakwaruzwa, na cha mtoto kitakwaruzwa.

4. Vikaza nyuzi. Vizungushe polepole. Visiwe vigumu mno wala visiteleze. Gitaa likisha kulinganishwa sauti, mwombe muuzaji alipige dakika chache, kisha asikilize tena. Nyuzi mpya hulegea kidogo siku za kwanza, lakini gitaa lisiharibike sauti papo hapo.

5. Ukweli wa sauti. Chuna uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12 uchune tena. Sauti ya pili iwe ileile ya kwanza, ila juu zaidi, kama mama na mtoto wanaoimba wimbo mmoja. Zipo programu za bure za simu zinazopima jambo hili. Gitaa lisilo la kweli hapa halitapatana kamwe na kinanda cha kwaya.

6. Ukubwa. Mtoto mdogo anahitaji gitaa dogo. Nyuzi za nailoni ni laini zaidi kwa vidole vinavyoanza. Usimfungie nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezewa nailoni, maana mvuto wake unaweza kulivunja.

Kama huna hakika, nenda na mpiga gitaa wa kwaya yenu. Soda moja itakuokolea fedha nyingi.

JE, LA BEI KUBWA NI LA NANI?

Ni la mtu ambaye masikio na mikono yake vimekwisha kukua. Kijana anayepiga kila juma, anayesindikiza kwaya au kurekodi nyimbo, atafika mahali ambapo gitaa la plaiwudi halimtoshi, naye mwenyewe atakueleza kwa nini. Hapo fedha haijapotea. Ila ujue hivi: hatua kubwa kuliko zote ni ile ya kutoka gitaa lisilopigika hadi la kawaida lililorekebishwa vizuri. Baada ya hapo kila hatua ya ubora huwa ndogo zaidi na bei yake kubwa zaidi.

Ninaifahamu familia iliyokopa fedha ikamnunulia binti gitaa la kifahari. Kwa hofu ya kuharibika, likafungiwa kabatini, likitolewa Jumapili tu. Binti hakujifunza. Angekuwa na la kawaida ambalo ndugu zake wangeweza kuligusa bila kuchapwa, pengine leo nyumba nzima ingekuwa inapiga. Nunua la bei ambayo haitakufanya umfokee mtoto kila anapolishika, na ubakize fedha kidogo ya mfuko, nyuzi za akiba na fundi.

TURUDI KWENYE MLANGO

Karibu mwaka ulikuwa umepita pale mwalimu wa kwaya alipofika kwa jirani yangu kunywa chai. Aliliona gitaa nyuma ya mlango, akalishusha, akabonyeza nyuzi. Akaomba penseli. Penseli ikapita chini ya nyuzi bila kugusa.

"Mama," alisema, "hata mimi nisingeweza kujifunzia gitaa hili."

Aliondoka nalo. Alikitoa kile kijiti cheupe, akakisugua kwa msasa upande wa chini kidogo kidogo, akazipiga tupa ncha za freti, akafunga nyuzi mpya. Baada ya siku mbili alilirudisha. Alichoomba ni bei ya nyuzi tu. Jioni ile mama alikuwa jikoni akasikia sauti ikitoka chumba cha watoto, kwanza kwa kusitasita, halafu ikaendelea mpaka chakula kikapoa.

"Fedha haikuniuma," aliniambia baadaye. "Kilichoniuma ni yale maneno. Nilimwita asiyemaliza jambo, kumbe alivumilia wiki nne kubonyeza nyuzi ambazo mtu mzima asingeziweza. Hakujua kwamba kosa ni la gitaa. Aliamini kosa ni lake, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia."

Kwa kuwa alimkemea mbele ya ndugu zake, alingoja wote wakae mezani, kisha akamwomba radhi mbele yao. Mtoto aliinama, akasema tu, "Haya, mama." Alipomaliza kula alikwenda kulichukua gitaa, akakaa nalo pale pale mezani.