Mtaa ukitaka kubomolewa: wa Roppongi walifanyaje?

Leo tunaenda Tokyo, Japani. Msinikimbie, humu ndani kuna mambo ya fremu, kodi na wateja, na mwenye duka kwenye mtaa ambao watu wa vipimo wameanza kupita pita asome mpaka mwisho.

Katikati ya Tokyo kuna sehemu inaitwa Roppongi Hills. Ukiiona kwenye picha utadhani ni jengo moja refu la vioo. Sio jengo, ni mtaa mzima wa zaidi ya hekta 11. Jengo kubwa linaitwa Mori Tower, lina ghorofa 54 na urefu wa mita 238, ndani ni maofisi. Pembeni kuna majengo ya watu kuishi, hoteli ya Grand Hyatt, makao makuu ya televisheni ya TV Asahi, majumba ya sinema, bustani ya Kijapani yenye bwawa, na maduka na migahawa zaidi ya 200. Ghorofa ya 53 wameweka makumbusho ya sanaa. Mtaa wenyewe ulifunguliwa Aprili 2003.

Maghorofa hayanishangazi sana, mwenye hela anajenga. Kilichonifanya nikae kusoma habari zake usiku kucha ni kwamba ile ardhi ilikuwa na wenyewe. Sio mmoja wala wawili, ni kama watu 400 wenye haki mbalimbali pale. Palikuwa na nyumba ndogo za mbao zilizobanana bondeni, vichochoro vyembamba ambavyo gari la zimamoto halipiti. Mwaka 1986 serikali ya jiji ikaliweka lile eneo kwenye orodha ya maeneo ya kuendelezwa upya. Kampuni ya Mori Building, ambayo baadaye iliongozwa na Minoru Mori, ikaanza kuongea na wenye mtaa. Kuanzia hapo mpaka kukata utepe ni miaka 17.

Sasa angalia hapa. Ujenzi wenyewe ulianza mwaka 2000 na ukaisha 2003. Yaani kujenga kote kule ni miaka mitatu. Ile 14 mingine yote ilikuwa ni vikao. Kugonga mlango wa huyu, kunywa chai kwa yule, kurudi tena, kuelezana upya.

Kwa nini iwe hivyo wakati kampuni ina hela? Si wangenunua tu kiwanja kimoja kimoja wamalize? Kununua walinunua baadhi. Lakini kuna njia nyingine ambayo Wajapani wameiweka kwenye sheria tangu 1969, na hii ndiyo nataka uielewe vizuri. Kwa Kijapani wanaiita kenri henkan, maana yake kubadilisha haki.

Twende taratibu kwa mfano. Namba ni zangu, za kuelezea tu. Tuseme kuna mzee ana kaduka kwenye kiwanja cha mita za mraba 60. Wapimaji wanakaa, wanasema ardhi yako na kijumba chako thamani yake ni milioni 60. Jengo jipya litakaloinuka, wanapiga hesabu kila mita ya mraba ya sakafu ni milioni mbili. Basi mzee hapewi hela mkononi akatafute maisha kwingine. Anapewa mita 30 za sakafu ndani ya jengo jipya, kwa hati yake, pamoja na fungu lake kwenye ardhi iliyo chini ya jengo. Akitaka anafungua duka pale, akitaka anakaa, akitaka anapangisha.

Najua kuna mtu hapo ameshasema "mita 60 zimekuwa 30, kaibiwa huyo mzee". Ngoja kwanza. Zile 60 zilikuwa kwenye kichochoro cha bondeni kisichofikika. Hizi 30 ziko kwenye mtaa wenye watu wanaopita asubuhi mpaka usiku. Thamani kwa siku ya kubadilishana ni ileile, ila kitu alichoshika mkononi ni kingine. Tena wote wanapimwa kwa tarehe moja. Hakuna wa kwanza kupewa bei ya hasara na wa mwisho kupewa bei ya kurusha. Ukitaka mtaa ugombane, lipeni watu bei tofauti kwa siri, mtaona.

Hela ya kujengea inatoka wapi? Hapo ndipo palipo ujanja wenyewe. Zamani ardhi ile ilikuwa imebeba nyumba za ghorofa moja, mbili. Sasa inabeba 54. Wenye mtaa wanachukua sakafu zinazolingana na haki zao, zinabaki nyingine nyingi ambazo hazina mwenyewe. Hizo ndizo anazichukua mwenye mtaji, analeta hela yake, na hela hiyo ndiyo inajenga jengo lote, pamoja na sehemu ya yule mzee. Kwa hiyo mzee hajatoa shilingi ya kujenga, na kampuni haikulazimika kununua mtaa mzima kwa hela taslimu. Mimi nilivyoelewa hii nilisimama nikazunguka duka.

Wewe unayepangisha fremu utaniuliza, "mimi sina ardhi, nina kodi tu, napata nini?" Swali zuri, na sheria yao imelijibu. Mpangaji wa jengo la zamani anaweza kuendelea kuwa mpangaji wa mwenye nyumba wake kwenye sakafu mpya. Haki ya kupanga inahamia kwenye jengo jipya kama ya mwenye ardhi inavyohamia. Asiyetaka anaondoka na fidia. Na gharama na hasara ya kuhama wakati wa kubomoa nayo inafidiwa. Kodi mpya ni maongezi mengine, na usitegemee ibaki ileile ya kichochoroni. Ila angalau jina lako lipo kwenye karatasi. Linganisha na sisi tunaolipa kilemba kwa mdomo, risiti hakuna, mkataba wa miezi sita, halafu siku tingatinga likija tunashangaa kwamba hatutambuliki.

Sitaki kuwapamba. Sheria hiyohiyo inasema theluthi mbili ya wenye haki wakikubali, chama cha mtaa kinaweza kuundwa na mradi ukaendelea. Aliyebaki kwenye theluthi moja atabadilishiwa haki au atalipwa, lakini nyumba yake haitabaki pale. Kuna watu walipinga, kuna waliochukua hela wakaondoka. Na aliyebaki amejikuta kwenye jengo lenye lifti, walinzi na usafi wa kila siku, na hivyo vyote vina ada ya kila mwezi. Nyumba ya mbao hukulipia lifti. Mzee mwenye pensheni ndogo hilo analisikia. Kwa hiyo mtu akija kwenu na picha nzuri za rangi, swali la "itajengwa lini" lisubiri. Uliza kwanza ada ya mwezi ni shilingi ngapi na nani anaipanga.

Haya, tuje kwenye wateja.

Roppongi ya zamani ilijulikana kwa usiku. Mabaa, muziki, wageni. Mchana pamepoa. Sasa kwenye mtaa wa hivyo mwenye mgahawa wa chakula cha mchana anauza kwa nani? Walichofanya ni kuchanganya watu wa saa tofauti sehemu moja. Asubuhi kuna wanaoshuka kwenye treni kwenda ofisini, na wakazi wanaopeleka watoto shule. Saa sita mchana maelfu ya watu wa ofisini wanashuka kula kwa wakati mmoja. Alasiri wanakuja watalii na akina mama wenye watoto. Jioni sinema. Usiku, na hapa niliwavulia kofia, makumbusho yao yako wazi mpaka saa nne usiku siku nyingi za wiki. Makumbusho mengi duniani saa kumi na moja yameshafunga mlango. Wao walijua mtu wa ofisini anatoka saa moja, na akipanda ghorofa ya 53 kuangalia sanaa na taa za jiji, akishuka ana njaa.

Chini kwenye uwanja wameweka sanamu ya buibui mkubwa wa shaba nyeusi, urefu kama mita 10, kazi ya msanii Louise Bourgeois. Haiuzi kitu. Lakini watu wakipanga kukutana wanaambiana tukutane kwenye buibui, na anayesubiri mtu ananunua kahawa. Kwenye mtaa wako kitu hicho kinaweza kuwa mwembe au kijiwe cha bodaboda. Fremu iliyo mbele ya mahali watu wanaposubiriana ni tofauti kabisa na fremu iliyo mbele ya mahali wanapopita mbio, hata kama idadi ya watu ni ileile.

Ndiyo maana nawaambia kila siku, kabla hujalipia fremu chukua daftari, kaa pale siku tatu, mojawapo iwe Jumamosi au Jumapili. Andika kila saa wamepita wangapi, ni nani, na wangapi wamesimama. Dalali atakwambia "hapa watu wanapita sana kaka". Wanapita saa ngapi? Wakiwa wanaenda au wanarudi? Anayewahi kazini saa moja asubuhi hanunui sufuria.

Kuchanganya kuna faida nyingine ambayo inaonekana mambo yakiharibika. Mwanzoni Mori Tower ilisifika kwa kampuni za mitandao na mabenki makubwa, mpaka matajiri vijana wa pale wakapewa jina lao, kabila la Hills. Januari 2006 waendesha mashtaka wakavamia kampuni ya Livedoor iliyokuwa humo. Mwaka 2007 Yahoo Japan na Rakuten wakahamia kwingine, na mwaka huohuo Tokyo Midtown, mtaa mwingine mkubwa wa aina hiyohiyo, ukafunguliwa jirani kabisa. 2008 benki ya Lehman Brothers, nayo ilikuwa mpangaji pale, ikafilisika. Google ilikuja, 2019 ikahamia Shibuya. Hesabu mwenyewe hivyo vishindo. Muuza supu ambaye wateja wake wote ni wafanyakazi wa kampuni moja angefunga mara nne. Lakini wakazi walikuwepo, hoteli ilikuwepo, sinema ilikuwepo, na ofisi zikapata wapangaji wengine. Wewe unayeuza chipsi mbele ya geti la kiwanda kimoja, au unayeuza madaftari mlangoni kwa shule moja, jiulize likizo unauza kwa nani.

Mori hao hao wana eneo lao la zamani zaidi, Ark Hills, lililofunguliwa 1986. Hilo limeegemea sana ofisi, na mtaa wa maofisi wikendi ni makaburi. Tangu 2009 wanafanya soko pale uwanjani kila Jumamosi. Wakulima na wauzaji wadogo wanakuja na meza na mahema, wanauza mboga, mikate, maua. Kampuni yenye maghorofa ya mabilioni inawaita watu wa meza moja moja wauchangamshe uwanja wake. Nalisema hili kwa sababu wengi tunaamini jengo kubwa likija, mdogo lazima afukuzwe. Kumbe uwanja mtupu ni hasara kwa mwenye jengo pia, na mdogo ana kitu cha kumuuzia huyo mkubwa, nacho ni watu. Kikundi cha wauzaji 20 wenye barua, kiongozi na mpango wa usafi, wakienda kwa meneja wa jengo kuomba Jumamosi mbili kwa mwezi, wanasikilizwa tofauti na mtu mmoja mmoja anayetandika turubai na kukimbizwa.

Jambo la mwisho kuhusu muda. Novemba 2023 kampuni hiyohiyo ilifungua Azabudai Hills, siyo mbali na pale. Wenye haki walikuwa kama 300, na karibu asilimia 90 walikubali kubaki ndani ya mradi. Maongezi yalianza 1989. Zaidi ya miaka 30! Hakuna mwenye fremu anayeweza kusubiri miaka 30, najua, na sisemi msubiri. Nachosema ni kwamba kama mtaa wenu umeguswa, kaeni pamoja kabla ya kikao cha kwanza, wenye nyumba na wapangaji. Kila mmoja awe na nakala ya mkataba wake, risiti za kodi, leseni na picha ya duka lake. Chagueni watu watatu wa kuongea na wengine wanyamaze. Muulize mambo manne tu: thamani inapimwa kwa tarehe ipi, tunaenda wapi wakati wa ujenzi, mpangaji wa sasa anarudi kwa kodi gani, na ada ya mwezi inapangwa na nani. Majibu yaandikwe, yasainiwe, kila mtu apewe nakala.

Kama mmeshaitwa kikao cha namna hiyo mtaani kwenu, niandikie hapo chini wapangaji walielezwa nini. Wenye nyumba najua huwa wanaambiwa, hao wengine ndio nataka kusikia.